Mkeka Unaishi Miaka Mingapi?

Kwanza mniwie radhi. Hadithi hii nitaisimulia vibaya, na nasema mapema ili asije mtu baadaye akajifanya kaligundua yeye. Mwanzo wake niliusikia nikiwa na njaa, katikati nikiwa nimeshiba, na mwisho nilikuwa nimelalia sikio langu zima. Kwa hiyo mwenye mto na aweke kichwa, asiye na mto amwegemee jirani, na jirani asinung'unike. Mimi naanza. Nikipotea njiani nyinyi endeleeni, mtanikuta mbele.

Palikuwa na mji ukiitwa Usinziani. Ulikaa ukingoni mwa bonde la mikindu, na bonde hilo lilikuwa na maji ya kifundo cha mguu, rangi ya chai kavu. Upepo ukipita kwenye ile mikindu hutoa sauti kama ya mama anayembembeleza mtoto, shhh, shhh, na mtu aliyekwisha kula wali wa mchana hana ujanja. Mji mzima hulala. Paka hulala, muuza samaki hulala na mizani mkononi, na hata mgeni aliyekuja kugombana hujikuta anaulizia pa kujinyoosha, ugomvi ataumalizia jioni.

Kazi yao ilikuwa mikeka. Wanawake huenda bondeni kukata ukindu, wakauanika, wakauchemsha kwenye rangi, wakausuka mashupatu marefu membamba, kisha wakayashona pamoja ukawa mkeka. Na walikuwa na desturi moja: kila ukitoka msuko mpya, hupewa jina la mtu aliyeufaa mji. Jina hilo husukwa kwa herufi ndani ya shupatu la katikati. Jina moja tu. Iliwahi kujaribiwa kusuka mawili, mkeka ukatoka mrefu kuliko chumba, na mwenyewe alipolala akaota miguu yake inaishi kwa jirani.

Msiichukulie desturi hii kama mchezo. Jina lililosukwa huingia kwenye kila harusi, hulaliwa na kila mzazi na mwanawe mchanga, hukaliwa na kila mgonjwa anayejaribu kukaa. Mtu anaweza kufa, jina lake likaendelea kuwalaza watu miaka mia. Aliyesuka majina alikuwa Bi Mize, mkuu wa wasukaji, mwanamke wa makamo mwenye vidole vyekundu kwa rangi, na tangu aanze hajawahi kukosea hata herufi.

Katika mji huo walikuwako watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Faki, yeye alijaliwa kuona. Ukipoteza sindano, Faki atakuambia iko wapi, na akiwa na nafasi atakuambia wiki ijayo utaipotezea wapi. Kasoro yake, macho yake yalifanya kazi akiwa amelala chali tu. Akisimama, humkanyaga ng'ombe.

Wa pili ni Raya, yeye alijaliwa kuomba. Alimwendea fundi cherehani akamwomba mkasi katikati ya kukata kanzu ya bwana harusi, na fundi akampa, akamwomba na msamaha kwamba haukuwa mkali. Raya hakuwahi kuchukua kitu bila ruhusa. Hata kivuli alikibishia hodi.

Wa tatu ni Shaame, yeye alijaliwa kupima. Humbeba mtoto akasema, huyu kala maembe mawili, na kokwa la tatu kalificha mdomoni. Ila maneno nayo aliyapima. Ukimsalimia asubuhi, jibu lake huenda likaja wakati wa chai.

Siku moja akaja bwana mmoja mwenye viatu vinavyolia. Alitaka bonde lifukiwe kwa kifusi, ajenge ghala la mikeka ya plastiki. Akasimama mbele ya baraza la mji akasema, "Wazee wangu, mikeka ya ukindu inakula bonde. Kila mkeka ni kisu kwenye mkindu. Mimi wangu haukati hata jani moja, na unakaa miaka mitatu. Bonde mnalitafuna wenyewe, mimi nataka kuwapunguzia kazi."

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Bi Kauthar, mama mwenye miwani ya kamba, asiyependa kuharakishwa. Akamgeukia Bi Mize.

"Mize, unalo la kujibu?"

"Ninalo, lakini ni matusi."

"Hilo liweke. Niletee maisha ya mkeka. Tangu ulipozaliwa hadi ulipozikwa. Umekula ukindu kiasi gani, umekunywa maji mangapi, umechoma kuni ngapi, umeishi miaka mingapi, na ulipokufa ulikwenda wapi. Bwana huyu ameandika ya kwake. Wewe nakupa wiki mbili. Na kila tarakimu ije na mwenyewe: imetoka wapi, na aliyenayo amekubali itumike. Ya kuokota siipokei."

Bi Mize akarudi nyumbani akaanza. Ukindu haukumsumbua, wakataji waliujua kwa mafungu, wakamruhusu. Maji hayakumsumbua, wabebaji walizijua ndoo zao kwa shingo zao. Kuni alipewa na mchemsha rangi, kwa hiari na kwa malalamiko. Kifo nacho kilijulikana: mkeka ukichakaa hulaliwa na kuku, kuku wakiukinai huwekwa chini ya mgomba, mgomba nao huula ukawa udongo.

Kikabaki kitu kimoja, umri. Na umri ndio uliobeba yote. Kama mkeka unaishi mwaka mmoja, basi bonde linaliwa kweli na bwana wa viatu ana haki yake. Kama unaishi zaidi ya ile mitatu ya plastiki, bonde linapata muda wa kupumua. Bi Mize akapita nyumba kwa nyumba akiuliza.

"Mkeka wako huu una miaka mingapi?"

"Huu niliolewa nao."

"Uliolewa lini?"

"Siku ile ya mvua kubwa."

Nyumba ya pili akaambiwa mkeka hukaa mpaka mume aanze kulalamika. Ya tatu akaambiwa wao hawahesabu, wanalala. Mji mzima ulikuwa umelalia jibu, na hakuna aliyebaki macho kulihesabu.

Siku ya tano, baada ya wali, Bi Mize alijilaza kwenye mkeka wa marehemu mama yake, akilia kidogo upande wa ukutani watu wasimwone. Upepo ukasema shhh. Akaota yeye ni jani la mkindu, kijani, miguu yake iko majini, na samaki wadogo wanamtekenya nyayo. Mbali akasikia viatu vinalia, vinakaribia, na kila vinapokanyaga maji yanageuka mawe. Akauinamia mkeka, maana ndotoni jani lilikuwa na mkeka wake, akauliza, "Nawe una miaka mingapi?" Mkeka ukamjibu kwa sauti ya mama yake, "Mwanangu, nami nilikuwa nimelala."

Akaamshwa na Faki.

"Shangazi, umri wa mikeka uko mlangoni."

"Mlango gani, Faki? Hebu nifute macho."

"Wa ghala la msikiti. Nilikuwa nimejilaza barazani pale, kikazi."

Faki alikuwa amelala chali pembeni ya ghala, na mlango, unaofunguka kwa nje, ulikuwa wazi. Jua la alasiri likaupiga upande wake wa ndani kwa mshazari, na mbao zote zikajaa maandishi ya penseli, membamba kama nyayo za sisimizi. Watu waliupita mlango ule kila siku, lakini aliyesimama huutia kivuli chake mwenyewe, akaona mbao tupu. Ilihitaji mtu aliyelala. Kila mkeka uliotolewa waqfu msikitini ulikuwa umeandikwa pale: umeingia lini, na ulipochakaa ukatolewa lini. Miaka arobaini, wasimamizi watatu, mikeka mia tatu na kumi.

Bi Mize alikimbia na khanga moja. Walipofika, Faki kajilaza aanze kunakili, Mzee Mbarouk, msimamizi wa msikiti, akaja akausukuma mlango ukafungika.

"Mlango huu ni waqfu," akasema. "Na kilichoandikwa juu yake ni waqfu. Babu zenu hawakuutoa kwa ajili ya biashara ya mikeka." Akafunga kufuli, akautia ufunguo kifuani, akajilaza. Dakika moja baadaye alikuwa anakoroma.

Bi Mize akautazama ule ufunguo ukipanda na kushuka. Mtasema nini, alikuwa mwanamke mwema, lakini siku zilibaki tisa. Mkono wake ukaanza safari. Raya, aliyekuwa amemfuata, akamshika kiwiko.

"Bi Mize, Bi Kauthar akituuliza nani aliyeruhusu, tumwambie nani? Usingizi?"

Mkono ukarudi.

Raya akamwendea mzee mchana wa kwanza, akakaa mbali, hakusema kitu. Mchana wa pili akakaa karibu, akampepea inzi. Mchana wa tatu mzee akafumbua jicho moja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kuomba mlango."

"Hapana, babu. Nimekuja kuomba ruhusa ya kuomba."

Mzee akacheka mpaka ufunguo ukaruka. Akainuka, akaegemea ukuta. "Sema basi. Mnautakia nini?"

Raya akamweleza bonde, kifusi na viatu. Upepo ukapita kwenye mikindu, na pale msikitini mikeka ikajibu kwa kunesa kidogo pembezoni, kama inayosikia nyumbani kwao kunatajwa.

"Nitawapa," akasema mzee, "lakini kwa masharti, na uandike. La kwanza, mtaje mlango, na mtaje wasimamizi wote watatu kwa majina yao, hata yule wa katikati ambaye hatukupatana. La pili, msibadili tarakimu hata moja, iwe nzuri iwe mbaya. La tatu, karatasi hiyo isiuzwe. Mikeka uzeni, mkeka haujui kusoma. La nne, akija mtu kwenu kuitaka, msimnyime, lakini naye aombe kwanza, na ashike masharti haya haya."

Raya akaandika, mzee akatia dole gumba.

"Kule barazani kitu hiki wanakiita leseni, babu."

"Mimi nilifundishwa kukiita adabu."

Basi Faki akalala chali siku mbili akisoma, Raya akaandika, na Bi Mize akachukua karatasi akaanza kutoa hesabu, mwaka wa kuingia kwenye mwaka wa kutoka. Alitoa wa mkeka wa kwanza, akatulia. Alitoa wa pili, akavua miwani, kisha akakumbuka hana miwani.

"Faki, huu umeingia mwaka 1998, umetoka mwaka 1424. Umekufa miaka mia tano sabini na nne kabla ya kuzaliwa."

"Na huo wa chini yake?"

"Umeingia 1420, umetoka 2004. Miaka mia tano themanini na nne."

"Ndiyo maana ulikuwa umechoka."

Msimamizi wa kwanza alihesabu kwa miaka ya Kiislamu. Wa pili, yule asiyepatana na mtu, alihesabu kwa miaka ya kizungu. Mzee Mbarouk mwenyewe aliandika wowote uliomjia kwanza kichwani, na miezi akaiandika Mfungo Mosi, Julai, Mfungo Tatu, Desemba, kama mtu anayechambua mchele gizani. Na sharti la pili lilisema tarakimu isibadilishwe. Bi Mize akaona karatasi ile ikisomwa barazani, na bwana wa viatu akicheka, na kifusi kikimwagwa juu ya kicheko hicho.

Shaame akaiomba karatasi. Akaitazama mpaka chai ikapoa. Hakufuta kitu. Pembeni ya kila tarakimu akachora mstari, na ng'ambo ya mstari akaandika mwaka ule ule kwa hesabu moja, mkeka mmoja baada ya mwingine, akiwatambua wasimamizi kwa mwandiko na kwa jinsi walivyokata herufi. Mikeka thelathini na mmoja haikuwa na tarehe ya kutoka. Akaiweka kando.

"Itie miaka kumi kumi," Faki akamwambia. "Nani atajua?"

Shaame akafikiri. Baada ya magharibi akajibu, "Mimi."

Wastani ukatoka: miaka mitano na miezi miwili. Na hiyo ni mikeka ya msikitini, inayopigiwa magoti mara tano kwa siku.

Siku ya baraza bwana wa viatu aliisoma karatasi yao juu mpaka chini, akatabasamu.

"Tarakimu hizi mmeziota?"

"Zimetoka mlangoni," akasema Bi Mize, akaeleza mlango wa nani, uko wapi, na jua la saa ngapi.

"Na nani kawaruhusu?"

Raya akaweka mezani dole gumba la Mzee Mbarouk.

"Na huu mkeka uliokufa kabla ya kuzaliwa?"

Shaame akanyoosha kidole kwenye mstari wake. Bwana akafuata mstari kwa macho, akafika mwisho wake, akakosa pa kwenda.

Bi Kauthar akapandisha miwani. "Sasa na wewe, baba. Hii miaka yako mitatu, mwenyewe nani?"

Bwana akavitazama viatu vyake kwa mara ya kwanza kana kwamba si vyake. "Imeandikwa kwenye boksi," akasema.

"Na boksi limemuuliza nani?"

Bonde likabaki bonde. Bwana akatoka nje, akakaa kidogo apange maneno, upepo ukasema shhh, na mara ya mwisho alipoonekana alikuwa amelala kwenye mkeka wa ukindu, viatu viko pembeni, vimenyamaza.

Mji ukaamua: msuko wa mwaka ule upewe jina la aliyeliokoa bonde. Wakamletea Bi Mize ukindu wa kwanza kukatwa baada ya hukumu, umerowekwa, laini kama ulimi. Ukindu wa namna hiyo lazima uanze kusukwa kabla haujakauka, na ukianza kwa herufi ya mtu, haufumuliwi, jani huvunjika. Akakaa kizingitini na majani manne vidoleni. Mbele yake wakakaa watatu.

Faki akasema, "Shangazi, mimi sitaki makuu. Lakini mlango ulikuwa pale miaka arobaini. Mji mzima uliupita ukiwa macho, mimi nikauona nimelala. Nisingeuona, Raya angeomba nini, na Shaame angepima nini?"

Raya akasema, "Naomba nami niseme. Faki aliuona, ni kweli, na ukafungwa mbele ya macho yake hayo hayo. Kitu kilichofungwa na kitu kisichokuwepo, Bi Mize, kwa Bi Kauthar ni kimoja. Na ule mkono wako, sikuutaja barazani, wala leo siutaji."

Bi Mize akauficha mkono chini ya khanga.

Shaame wakamngoja. Ukindu ukaanza kupoteza unyevu. Mwishowe akasema, "Walileta mkeka wa miaka mia tano," akafika hapo akaona inatosha.

Mpita njia mmoja akashauri, si apewe Mzee Mbarouk, mlango ni wake? Mzee, aliyekuwa amejilaza pembeni na ufunguo wake kifuani, akasema bila kufumbua macho, "Mlango ni waqfu. Jina langu liko huko kwenye penseli, linanitosha." Mwingine akashauri lisukwe jina la Bi Mize mwenyewe. Bi Mize akauona ufunguo ukipanda na kushuka, akatikisa kichwa. Mwingine akasema liachwe shupatu tupu, lisilo na jina, na watoto waliokuwa karibu wakaogopa, maana walijua mkeka usio na jina hauna pa kumpeleka mtu anayelala.

Jua likaingia la mshazari, lile lile la mlangoni. Jani la kwanza likaanza kukunjamana pembeni. Bi Mize akaliinua, akawatazama: yule aliyeona, yule aliyeomba, yule aliyepima. Ukimtoa mmoja, bonde ni kifusi. Ukimweka mmoja, wawili watalala maisha yao yote juu ya jina la mwenzao. Upepo ukapita, shhh, na vidole vyake vyekundu vikaanza kukunja herufi ya kwanza.

Herufi gani? Nyinyi mliojilaza hapo, na wewe uliyemwegemea jirani mpaka bega lake likafa ganzi: ukindu unakauka, majani manne yako mikononi mwako. Je, wewe ungesuka jina la nani?

Msinitazame mimi. Mimi sina haki ya kuamua, wala hata ya kusimulia. Niliikuta hadithi hii inasimuliwa barazani kwa watu, nikailalia, nikaondoka nayo. Mwenyewe sikumtaja, maana sikumuuliza jina. Ruhusa sikuomba. Na ile mikeka mia tatu na kumi, mwanzoni ilikuwa arobaini.